Shemeji Yangu wa Juu ya Ngazi

Mimi ninayeandika nina miaka sabini na mbili. Nimewazika wakurugenzi wanne, nimeona mabasi ya kila rangi yakienda kuwa chuma chakavu, na paa la kituo hiki limebadilishwa mara tatu mimi nikiwa chini yake. Niliwahi kustaafu, wakanirudisha kwa mkataba kabla kiti changu hakijapoa. Kwa hiyo ofisi ilipotafuta wa kuandika habari za Msimamizi wa Jukwaa la Reli, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, haikuwa na pa kwenda ila kwangu. Karani amenyoosha herufi. Maneno ni yangu, na nimemkataza asiyaguse.

Mstaafu alikuja hapa kijana mwembamba, kofia ya kazi inamfunika masikio, wakati treni ya mjini ndiyo kwanza imefikishwa kwenye stendi yetu. Kabla ya hapo tulikuwa mabasi peke yetu, na mimi getini nilikuwa mfalme. Wakajenga jukwaa juu, wakaweka ngazi katikati, wakatuambia, "Sasa ninyi ni kituo kimoja." Kwa maneno tu. Treni ilikuwa na ratiba yake na mabasi yana yao, na ratiba hizo hazikuwahi kusalimiana. Abiria anashuka treni, anateremka ngazi mbio, anakuta mkia wa basi. Simu ya ndani ilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kukoroma.

Yeye ndiye aliyebuni mikono. Nampa sifa hiyo, ingawa filimbi ya kuzuia na kuruhusu mabasi ilikuwa yangu, na bila filimbi mikono ile ingekuwa mazoezi ya viungo. Alisimama juu ya ngazi, pale ninapomwona kutoka geti la mabasi. Mkono mmoja juu: subiri, treni inaingia. Mikono miwili: wanakuja wengi. Kiganja kichwani: kuna mgonjwa au mzee anateremka polepole. Akipunga kwenda chini: ruhusu basi. Ni watu wangapi waliowahi kazini, hospitalini na harusini kwa sababu ya mkono ule, hajui mtu, na yeye hakuwahi kuuliza. Mimi nimeuliza mara nyingi. Sijapewa jibu wala medali.

Siku umeme ulipokatika na treni ikakwama nje ya jukwaa, yeye ndiye aliyetembea juu ya reli akawaleta abiria wote, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea, yeye mbele anawaimbia wasiogope. Sauti yake ni mbaya sana. Nadhani ndiyo iliyowaharakisha. Huku chini nilikuwa nimezuia kila basi, na hakuna aliyelala njiani.

Dada yangu alikuwa akiniletea chakula getini. Ghafla msimamizi wa jukwaa akaanza kushuka ngazi hata pasipo na treni. Nikamwambia, "Kijana, ngazi hizi si za matembezi." Akajibu, "Nakagua vyuma vya kushikilia, mkubwa." Alivikagua mpaka akaoa.

Sasa nifike pale mnaponisubiri. Ni kweli hatusemezani. Ilikuwa siku ya mvua, treni imechelewa, yeye kainua mkono, na basi langu limejaa watu walioloa wanaonipigia kelele. Nikasubiri, nikasubiri, nikaliruhusu. Treni ikaingia basi likikata kona. Akashuka, akasimama mbele ya madereva wote, akaniambia, "Wewe huna subira hata ya kungoja maji yachemke!" Nami nikamwambia, "Kamwambie hivyo hilo konokono lako la umeme!" Nilikuwa sahihi, na mpaka leo niko sahihi. Tangu siku hiyo midomo ilifungwa, mikono ikaendelea. Kazi ni kazi.

Nyumbani kwao, dada yangu akageuzwa posta. Tumekaa meza moja, shemeji anasema, "Mwambie kaka yako asogeze chumvi." Dada ananigeukia, "Kaka, chumvi." Nami nasema, "Mwambie mumeo mikono anayo, naiona kila siku." Dada alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Aliwaambia watu kwamba ana watoto watatu, binti mmoja na wazee wawili.

Dada alifariki mwaka juzi. Makaburini tulisimama bega kwa bega, na hapakuwa na wa kutupelekea neno.

Asubuhi ya kwanza shemeji aliporudi kazini, aliinua mkono. Nikazuia basi. Treni haikuja. Nikatazama reli, tupu. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Mzee, tunamsubiri nani?" Nikatazama ngazini. Mkono ulikuwa bado juu. Ndipo nikaelewa kwamba anataka tu kuona kama huku chini kuna mtu anayemwona. Nikavua kofia, nikaivaa tena. Akashusha mkono. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata, mpaka ikawa desturi. Mkaguzi alipouliza kwa nini basi la kwanza linachelewa kila siku, nilimwambia filimbi inakwama. Akaniletea filimbi mpya. Nayo ikakwama.

Mwaka huu wameweka skrini getini. Treni ikikaribia, taa inawaka, dereva anajisomea. Sisemi ni mbaya. Ila haijui kuamkia mtu.

Wiki iliyopita mpwa wangu, yule binti yao, alinipigia simu kutoka mji anakoishi. Jumapili baada ya sherehe ya kumuaga anakuja kumchukua baba yake wakaishi pamoja. Mizigo imeshafungwa. Nikaanza, "Mwambie baba yako..." Akanikata hapo hapo. "Mjomba, mimi si mama. Una mdomo, mwambie mwenyewe." Nikaenda mpaka kwenye ngazi, nikapanda kidogo, nikateremka. Madereva waliponicheka nililisingizia goti.

Basi nasema hapa, mbele ya wafanyakazi wote, kwa kuwa karatasi haina goti.

Shemeji. Kwa binti yako utapendwa, sibishi. Lakini yeye anatoka asubuhi, mumewe anatoka, wajukuu wanatoka, nawe utabaki na ukuta. Kwangu kuna chumba kinachotazama barabara. Nimetoa matairi na mabati niliyokuwa nimerundika humo, nimeweka kitanda na kiti chenye mto. Sikulazimishi tuongee. Tunaweza kukaa tu.

Uongozi na wafanyakazi wanakushukuru kwa miaka yote uliyowatumikia abiria, na wanakuombea afya na siku njema popote utakapokuwa. Hayo ni yao. Mimi sikuombei popote. Nakuombea hapa hapa.

Na ukidhani najisifu kama kawaida yangu, kwamba chumba chenyewe hakipo, wapo wa kuwauliza. Muulize fundi rangi wa mtaa wangu, mpaka sasa viatu vyake vina madoa ya ukuta wako. Muulize fundi kitasa, aliyenichongea ufunguo wa pili. Muulize mama jirani, aliyenisaidia kutundika pazia, akaniuliza mgeni anaingia lini. Nilimwambia bado hajaambiwa.