Wali na Nyama ya Mbuzi

Tulivuka kutoka Utende kwenda Chole katika mtumbwi mmoja. Mbele yangu Somoe wa Kiegeani alimpakata binti yake, mwenye mikono iliyojaa ukurutu. Kando yake alikaa Bwana Hamdu, mwenye shamba la minazi, mtu asiyeona haya kumhoji asiyemjua.

"Shikamoo, bwana," alisema Somoe. "Marahaba," alijibu Bwana Hamdu. "Yule daktari wa Kijerumani aliyeko Chole hakumtazama mtoto?" "Alimtazama mwaka jana. Anachunguza watoto wanaojikuna, anaandika kila wanachokula. Nikamwambia binti yangu hula wali na nyama ya mbuzi."

"Kila siku? Hata mimi na minazi yangu simpati mbuzi kila siku!"

"Niliona haya, bwana. Ningemwambiaje mgeni kwamba tunakula chaza wa kuokota pwani? Akanikataza kumpa mbuzi. Mtoto mwenyewe mbuzi anamjua kwa sauti tu! Sasa nimegundua, kila akila chaza hujikuna hadi damu."

"Basi kamwambie leo. Kesho anaondoka na meli, na uongo wako ameuchukua."

"Ataniita mwongo."

"Kwani atakosea?"

Somoe alimfunika mtoto mikono kwa kanga. Mimi, ninayejua kusoma na kuandika, nilitazama maji. Daktari alikuwa ameniuliza na mimi habari za mjukuu wangu, nikamtajia wali wa nazi na kuku, ambao kwetu ni wa sikukuu tu, akaandika.

Mtumbwi uligusa mchanga. Bwana Hamdu alishuka wa kwanza. Somoe hakuinuka, wala mimi.