Kakakuona wa Mfaume

Asubuhi hiyo kijiwe cha Njinjo kilisahau kahawa, macho yote kwenye beseni la bluu lililofunikwa kando ya benchi. Jana jioni Mfaume aliokota kakakuona shambani kwake. Mnyama huyo huku hapigwi wala haliwi. Akionekana huwekewa unga, maji na panga, yaani shibe, mvua na vita, na atakachokiendea ndiyo habari ya mwaka. Mfaume aliombea maji tu. Ufuta wake wa mwaka jana uliungua na jua, na mbegu alizonazo ndizo za mwisho. Akipanda na mvua isije, kwisha habari yake.

Beseni likafunuliwa, likainamishwa mbele ya unga, bakuli la maji na panga. Kakakuona akajikunja mviringo, kimya.

— Kagoma huyu, akasema Bashiru, fundi baiskeli waliyemwita Profesa.

— Hajagoma. Kasema mwaka huu hamna kitu, akajibu Mzee Likwata, Redio ya kijiwe.

— Tatizo unga, Mzee wangu. Huu wa dukani. Zamani waliweka wa mtama, wa kutwanga.

— Acha fiksi! Yeye unga wa dukani kaujulia wapi?

— Anajua harufu! Na maji yenyewe ya bomba.

— Basi labda si wa huku. Habari alizonazo ni za kule Liwale.

Kijiwe kikacheka. Mfaume hakucheka. Akasukuma bakuli la maji kwa kidole cha mguu, polepole.

— We Mfaume! Unampa majibu?

— Namsogezea tu, Mzee.

Ndipo akafika Umi, mke wa jirani yake Mfaume, aliyeolewa juzijuzi kutoka Kiswere.

— Shikamooni. Nimefuata beseni langu.

— Marahaba, mwanangu.

Akachuchumaa, akamtazama mnyama.

— Masikini! Kalala humu toka jana?

— Salama kabisa, shemeji, akasema Mfaume. Hajaguswa na mtu.

— Na anakula nini?

Miaka yote kijiwe kimemuuliza kakakuona mvua, njaa na vita. Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Mfaume ndiye aliyekumbuka. Jana alimkuta mnyama huyo pua imezama kwenye kichuguu, analamba mchwa, naye akamvuta mkia katikati ya mlo. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Akavua shati, akamfunga kakakuona humo taratibu, akashika njia ya shamba.

— We! Na mvua je? akapaza sauti Redio.

— Ngoja kwanza ale, Mzee.