Mpini Mwekundu wa Mnyengele: Maisha ya Mhandisi Lukasi Andrea Ndunguru (1971–2025)

Kila asubuhi marehemu alikunywa chai nusu kikombe, akasimama, akasema, "Kifunikeni, nakuja." Mama yetu alikifunika kwa kisahani. Jioni marehemu alirudi kazini, akaimalizia ile nusu ikiwa baridi, na akasema hiyo ndiyo chai. Nyumbani kwake Naliendele hata wageni walijua kwamba kikombe chenye kisahani juu hakiguswi.

Mhandisi Lukasi Andrea Ndunguru alizaliwa tarehe 18 Aprili 1971 huko Litembo, wilaya ya Mbinga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Andrea Ndunguru na mama Rebeka, wakulima wa kahawa. Inasimuliwa kwamba akiwa mdogo aliifungua mashine ya mkono ya kumenya kahawa, akavipanga vipande vyote kwenye mkeka, wakati mavuno yalikuwa yamefika. Baba yake alikuja akasimama mbele yake, akamuuliza, "Lukasi, hii mashine imekukosea nini?" Akajibu, "Haijanikosea, baba. Nataka kujua inaumwa wapi." Mzee akakaa chini, wakairudishia pamoja. Kipande kimoja kilibaki mkononi. Mashine ilimenya kahawa vizuri tu bila hicho, lakini marehemu alisema mpaka mwisho kwamba kile kipande bado kinamsumbua.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Litembo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya ufundi Ifunda, akamaliza mwaka 1989. Alijiunga na chuo cha ufundi Dar es Salaam mwaka 1990, akarudi tena masomoni baada ya kufanya kazi kidogo, na mwaka 2000 akahitimu uhandisi wa mitambo.

Alifika Mtwara mwezi Machi 2001, akiwa ameajiriwa na kampuni inayouza na kufunga mitambo ya kubangua korosho. Alikusudia kukaa msimu mmoja. Mteja akipiga simu kwamba mtambo umegoma, wapo mafundi waliouliza maswali kwenye simu wakamaliza. Marehemu alipanda pikipiki akaenda. Akifika hakushika spana kwanza. Aliomba kiti, akakaa, akala walichokula wenyeji, akaangalia watu wakifanya kazi. Wateja wengine walidhani ni mvivu. Mmoja alimpigia bosi wake kwamba "huyu mtu wenu amekuja kutembea." Kesho yake mteja huyo huyo alipiga tena, akaomba wasimwondoe.

Huko huko kazini ndiko alikompata mke. Mwaka 2002 aliitwa kutengeneza mtungi wa kuchemshia vifaa kwenye zahanati moja ya Mikindani, ambako Theresia alikuwa muuguzi. Mtungi ulipona siku ile ile, lakini fundi akaendelea kuja kuuangalia. Mwisho Theresia akamwambia, "Injinia, huu mtungi mbona hauumwi? Sema unachoumwa wewe." Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 2003, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kuchoka akipanda ngazi, na miguu ikavimba. Hospitalini walisema moyo umetanuka. Aliambiwa apumzike. Lakini wakati huo huo kulikuwa na jambo la Mnyengele, na hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko ugonjwa.

Mnyengele ni kijiji kilichoko chini kule, kuelekea mdomo wa Ruvuma. Kina mama wa pale walikuwa na kikundi cha kubangua, na kampuni ilikuwa imewapa boila, ambamo korosho hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee. Kabla ya boila walikuwa wakichoma kwenye bati, na mafuta ya ganda yaliwala vidole. Sasa ikawa kila baada ya muda fulani korosho zinatoka zimeungua, viini vina madoa na vinapondeka, mnunuzi anakataa. Walikuja wahandisi wengine wakaangalia mtambo, wakaukuta mzima. Wakawauliza kina mama wanapika vipi kwa mvuke, wakajibiwa sawasawa kama walivyofundishwa. Ofisini ikaamuliwa kwamba kikundi hakiwezi mtambo, na msimu ukiisha boila lirudishwe mjini. Marehemu aliomba aachiwe msimu huo. Daktari alimkatalia, Mama alimkatalia, na yeye akaenda.

Alikaa kwao siku nyingi, kila kitu kinakwenda vizuri, haoni kosa. Mpaka siku moja kipaza sauti cha msikiti kikatangaza kwamba mzee Zuberi amefariki. Kina mama wote wakanyanyuka, wakajitanda kanga, wakatoka. Pale kijijini msiba ukitangazwa mtu haulizi, anaacha jembe lilipo. Marehemu naye akanyanyuka, maana si adabu kubaki umekaa, akawafuata. Alipofika kwa wafiwa akasaidia kubeba maji. Waliporudi, korosho zilikuwa bado ndani ya boila na moto chini yake, zimekuwa nyeusi.

Mwenyekiti wa kikundi, Bi Sharifa, alimtazama akamwambia, "Haya, Injinia. Na wewe umeunguza."

"Nimeunguza," alisema marehemu.

"Basi karibu kwenye kikundi."

Walicheka mpaka wakakumbuka kwamba wametoka msibani. Kisha marehemu akawauliza kwa nini hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Bi Sharifa akasema, "Tungesemaje, baba? Tuwaambie wakubwa zako korosho zimeunguzwa na maiti? Mtu kafa, halafu umsingizie na hasara?" Wenzake wakaitikia. Hawakuwa wanaficha kitu. Waliulizwa habari za mtambo wakajibu habari za mtambo, na msiba kwao haukuwa habari ya mtambo.

Ofisini walimwambia dawa ni rahisi, msiba ukitokea abaki mtu mmoja kwa zamu. Marehemu alikataa. Alisema, "Huyo atakayebaki, akifiwa yeye nani atakwenda kwake?" Alichora, akachomelea mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi, na mwezi Januari 2024 akafunga mpini mmoja mwekundu ukutani, karibu na mlango. Ukiuvuta wakati unatoka, mvuke unatolewa nje kwa bomba, kikapu kinainama, korosho zinateremka sakafuni kupoa, na bati linaziba pumzi ya moto. Hata mtoto anauvuta. Kina mama waliupa jina, mpini wa msiba. Tangu hapo korosho hazijaungua tena, na boila halikurudishwa mjini. Siku alipoletewa habari hiyo ya boila kubaki, marehemu alilala mchana kutwa, na Mama akasema ni mara ya kwanza kumwona analala bila kukunja uso.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa hospitali na kitanda. Hatutaficha kwamba tuliogopa. Alikuwa akikosa pumzi, analala ameketi, na yeye mwenyewe aliogopa jambo moja, kufa amelala huku watu wanamtazama. Alimwomba Mungu amsaidie hilo. Tunasema leo kwa mioyo iliyotulia kwamba alisaidiwa.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025 aliamka miguu haijavimba. Aliomba viatu vya kazi. Alikunywa chai nusu, akamwambia mwanawe Elia ampeleke Mnyengele akawasalimie. Huko waliweka benchi karibu na boila, akaegemea ukuta, akamuuliza Bi Sharifa, "Mpini haulegei?"

"Haulegei. Wewe ndiye umelegea, Injinia, hebu kula uji huo."

Alicheka, akashika bakuli. Elia anasema lilibaki limeshikwa vizuri, uji haukumwagika. Bi Sharifa alimgusa bega, akamwita. Kisha akaenda mlangoni akauvuta mpini. Mvuke ukatoka nje, korosho zikateremka, na kina mama wote wakajitanda kanga wakatoka na marehemu.

Wako hapa leo, wote, wamekaa upande ule wa turubai. Hakuna aliyeachwa nyuma kulinda moto. Korosho za siku ile zilibanguliwa zikiwa nyeupe.

Marehemu ameacha mjane, Theresia; watoto, Beatrice, Elia na Rebeka anayewasomea; mjukuu mmoja, Baraka; kaka yake Elisha aliyetoka Mbinga; na ndugu wa kikundi cha Mnyengele, ambao wameomba waandikwe hapa pamoja na familia.

Asubuhi ile alitoka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, hakushikwa mkono. Alisema kama kawaida, kifunikeni, nakuja. Tumekifunika, baba. Umekwenda, nasi hatukudai urudi. Pumzika, umechoka vya kutosha.