Mama Viti Anahamia Upande wa Wageni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Viti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereza letu, mingi kati yake akiwa msimamizi wa chumba cha wageni.

Aliajiriwa kuwa askari wa lango. Hapo ndipo alipogundua kwamba kuna wafungwa ambao hakuna mtu anayewaulizia. Alianza kwa kumsumbua dada yake, mshonaji, amtembelee mmoja wao. Dada alikubali ili apate amani nyumbani. Baadaye wakaja majirani, kisha marafiki wa majirani, na mabenchi marefu yakaondolewa ili viwekwe viti vya kutazamana. Jina likamganda.

Wengi tunamkumbuka kwa habari ya kinyozi. Mzee huyo alijitolea kumtembelea fundi bomba aliyefungwa kwa kumjeruhi kaka yake, na ambaye ukoo mzima ulikuwa umempa kisogo. Fundi akagoma kutoka selo. Kinyozi alikaa mbele ya kiti kitupu hadi muda ukaisha, akaaga kwa adabu, akarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Mkuu wa gereza akataka mzee apangiwe mtu mwingine. Mama Viti, ambaye si mtu wa kubishana na wakubwa, siku hiyo alibisha.

“Afande, kila wiki fundi anasikia ameitwa,” alisema. “Tukiacha kumwita, tutakuwa tumemwambia kwamba ndugu zake hawakukosea kumtupa.”

Akapewa mwezi mmoja. Ulipokaribia kwisha, fundi alitoka kwa shari, kumwambia mzee aache kumfuatafuata.

“Sawa, mwanangu,” kinyozi alijibu. “Ila hizo nywele, nani kakunyoa hivyo?”

Aliyemnyoa ndiye askari aliyekuwa zamu mlangoni, naye alinuna. Fundi alicheka, akakaa. Miaka mingi baadaye, kinyozi alipolazwa hospitalini, fundi ndiye aliyekuwa akimpelekea uji.

Katika kazi yote hiyo, Mama Viti mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye viti vile. Kanuni haziruhusu mtumishi kufanya urafiki na mfungwa, naye alizishika, hata pale zilipomuuma. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba fomu ya kujitolea. Jumamosi ijayo atapanga foleni langoni na kupekuliwa kama wageni wengine. Ameshapangiwa mtu.

Asante kwa yote, Mama Viti. Upumzike vizuri siku nyingine zote za wiki.