Mkubwa Kuliko Nani?

Bango la kumuaga Mzee Fortunato Lako limerudishwa kwa mchoraji wake, Malakia, alithibitisha jana mhariri wetu Juliet. Limeandikwa "The Great Fortunato". Mzee alilitazama, akauliza, "Great kuliko nani?" Akalikunja mwenyewe, akalikabidhi kwa mwenye boda.

Mzee Lako anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Machi 2017, baada ya miaka ishirini na miwili ya kutafsiri habari za Kiingereza kwa Kiswahili: nusu Kampala, tulikoanza na jarida la wakimbizi, na nusu hapa Juba, redioni.

Maneno ya ukuu na nguvu hayakumpita bila kukaguliwa. "Big" kwake ni umbo; hata ukuta unaweza kuwa "big". "Great" ni matendo, na lazima yatajwe. "Powerful" ni anayewaendesha watu akiwa amekaa. "Mighty" sharti aonekane akisukuma. "Supreme" ni mmoja tu. Wiki ya uhuru, Julai 2011, tulipokea barua kutoka kwa vyama vinne vya wafanyabiashara, kila kimoja na "Supreme Chairman" wake. Mzee alizirudisha zote, akawaomba wakutane, wachague mmoja, kisha walete barua moja. Bado tunaisubiri.

Mwaka uliofuata Matiya alituletea tangazo la "grand opening" ya hoteli yake. Mzee alikwenda kwa miguu, akahesabu, na jioni tukasoma: hoteli ya vyumba sita na jenereta moja imefunguliwa. Asubuhi Matiya alikuwa mlangoni.

"Mzee, wewe umepunguza hoteli yangu!"

"Malesh, samahani ndugu yangu. Ongeza vyumba, nami nitaongeza maneno."

Leo ina vyumba kumi na vinne. Tumelitangaza hilo pia, idadi kwa idadi.

Desemba 2013 vita vilipoanza, tabia hiyo iliacha kuwa kichekesho. Tamko lilifika mezani: "our mighty forces" wana "absolute control" ya barabara ya uwanja wa ndege. Wakati huohuo Namukasa, muuza vitambaa kutoka Uganda anayeishi mtaa wa Hai Malakal hapa mjini, alipiga simu. Alikuwa na watu tisa uani, watoto wanne miongoni mwao, na mizigo imeshafungwa. Ameambiwa kuna ndege ya Entebbe. Atoke, asitoke?

Mzee alimwomba asubiri kidogo. Alisema "absolute" maana yake hakuna hata kipande kilichobaki, na hilo linaweza kuulizwa. Akampigia Edrine, mpakia mizigo uwanjani, ambaye alikuwa amelala chini nyuma ya magunia.

"Mzee, hapa ni risasi tu. Usitume mtu!"

Taarifa yetu ikasema: tamko linadai barabara imedhibitiwa, mtu aliyepo pale anasikia risasi, kaeni ndani. Namukasa alifungua mizigo, akapika. Siku ya tatu Edrine alipiga simu kusema geti limefunguliwa na abiria wanapita. Tulitangaza hivyo. Namukasa na wote tisa walifika Entebbe, naye alirudi baadaye kufungua duka lake.

Kuanzia Jumatatu kiti cha Mzee kitakaliwa na Kisakye, ambaye tayari ameshamtuma ripota mmoja akahesabu viti vya mkutano. Mzee atarudi kwao Kajo Keji kulima hali ikiruhusu. Kwa sasa atabaki hapa mjini na wajukuu. Tunamshukuru kwa kila neno alilotupunguzia. Tunamwombea afya, mvua ya kutosha, na majirani wasiotia chumvi.

Kuhusu bango, aliyelilipia ni Namukasa, na amekataa neno "Great" lifutwe. Litatundikwa Ijumaa hiyo saa nne asubuhi, ukumbini kwetu. Anasema swali la Mzee amelisikia, na atakuja na wale tisa wote, ili Mzee ajihesabie mwenyewe.