Mama Mizani, Mpishi Aliyerudi Darasani

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu mliyemzoea kwa jina la Mama Mizani, nami nitajikaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe muuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1978, akifaulu masomo yote isipokuwa kemia, na tarehe 2 Februari 1980 akaajiriwa kuwa mpishi msaidizi katika jiko la hospitali, akisugua masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na kusukuma toroli la chakula hadi wodini.

Sasa nasoma jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisomwe, akaniambia, "Usiliruke, ukiliruka mtakuwa mnamzika mtu mwingine." Mwezi Agosti 1983 aliletwa wodi ya watoto binti wa miaka miwili, amekonda akabaki macho, na wauguzi wakawa wanampa maziwa kidogo kidogo kwa kikombe kila baada ya saa mbili. Dada yetu, akiona kikombe kile ni uchoyo, alimpelekea bakuli zima la uji mzito wa sukari na mafuta, siku mbili mfululizo, mama wa mtoto akimshukuru kwa machozi, na siku ya tatu mtoto akavimba, moyo ukashindwa, akafariki asubuhi. Muuguzi mkuu alimkalisha kwenye benchi la korido, hakumfokea, akamwambia, "Mwili uliozoea njaa haupokei shibe kwa pupa, mwanangu, ulimpa kwa huruma kitu usichokijua." Dada alikwenda kwa mama yule akamweleza ukweli kwa kinywa chake, na mama yule akafunga mzigo wake akaondoka.

Maji yakimwagika hayazoleki, na dada alilijua hilo kuliko sisi tuliokuwa tukimbembeleza asahau. Alirudia mtihani wa kemia mara tatu, kitabu kimeegemezwa kwenye gunia la mchele, mpishi mkuu akimpigia kelele, "Profesa, wali unaungua!" na kweli uliungua mara nyingi, hadi mwaka 1986 alipofaulu. Januari 1987 alijiunga na chuo kusomea lishe, wanafunzi wenzake wakimwita Bibi ilhali alikuwa na miaka ishirini na mitano, na tarehe 24 Novemba 1989 akatunukiwa stashahada.

Alirudi hospitali ileile akiwa mtaalamu wa lishe wa kwanza, akapewa ofisi iliyokuwa stoo ya mafagio, meza moja na mizani mbili. Wapo madaktari waliouliza kama mpishi ametoka jikoni kuja kuwafundisha, naye hakubishana nao, alisimama wodini kila mlo, akipima, akiandika, hata baada ya miaka miwili daktari wa watoto akaagiza kwamba mtoto yeyote aliyedhoofu asilishwe kabla Mama Mizani hajamwona. Mwaka 2001 alihitimu shahada, lakini mafunzo aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa ya wapishi wapya, ambao kila mmoja alisimuliwa habari za binti yule, bila kufichwa ni nani aliyebeba bakuli.

Mwaka 2004 mama wa binti yule alirudi, amezeeka, amembeba mjukuu aliyekonda, na pale mapokezi alisema, "Namtaka yule aliyeniambia ukweli." Mjukuu alikaa wodini wiki sita, akapona.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1991 na fundi bomba aliyekuja kutengeneza mabomba ya jiko, akaomba chai, akatia sukari vijiko vitano, dada akampokonya bakuli la sukari, na tangu siku ya harusi shemeji yetu amekuwa akisema kwamba ameoa mizani. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwalimu, wa pili dereva wa magari makubwa, na wa tatu, aliyekataa kabisa kusikia habari za lishe, anaoka keki.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Aliogopa, wala hakuficha kwamba anaogopa. Miezi tisa ya mwisho alilishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni, huku akiwasahihishia wanafunzi wake wa lishe ratiba ya mlo wake mwenyewe, na shemeji alipogoma kula kwa kuwa mkewe hawezi kumeza, alimketisha kando ya kitanda, akamwandikia kwenye karatasi, "Kula nikuone," naye shemeji akala analia. Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotufungulia milango yao, wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee wapishi wa hospitali, ambao jana walipanga foleni na aproni zao kumuaga, wakubwa kwa wadogo.

Dada, umetufundisha kusema kweli hata inapotuumbua, kazi yako iko mikononi mwa watu wengi. Pumzika kwa amani.