Nilivyoogopa Kusema Siamini Tena

Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama, na ninyi vijana mliosimama pale dirishani, nawasalimu wote. Mniwie radhi, sitaanza na ile salamu yetu ya kumsifu Bwana. Si dharau. Nilimwambia Mchungaji kwamba nikisimama hapa sitatamka neno ambalo moyo wangu haujalifikia, naye akanijibu nisimame hivyo hivyo.

Wengi mnanijua. Nashona sare za shule hapa Mwandiga, karibu na stendi, na zamani niliimba sauti ya pili kwenye kwaya hii. Nilizaliwa Mwamgongo, na baba yangu bado yuko kule. Nilikuwa na rafiki. Sitamtaja jina, mnamjua, na mama yake yumo humu ndani. Tulikuwa tunaimba bega kwa bega. Nikipotea katikati ya wimbo, nilikuwa nasikiliza sauti yake mpaka narudi njiani.

Siku ile tulikuwa tunakwenda Mwamgongo kwenye harusi ya mdogo wangu. Tulipanda boti Kibirizi asubuhi, ziwa limetulia, watu wanacheka. Kulikuwa na magunia ya unga, kreti za soda, na kitanda cha maharusi kimefungwa juu ya mizigo. Rafiki yangu alikuwa anakitania kile kitanda, anasema kimepewa nafasi nzuri kuliko sisi. Tulipofika usawa wa msitu wa Gombe, upepo ukageuka. Ninyi mliozaliwa ziwani mnajua, hauombi ruhusa. Maji yakaanza kuingia ubavuni, injini ikakohoa, ikanyamaza. Boti bila injini hugeuka ubavu. Ikageuka. Halafu ikapinduka.

Ndugu zangu, nawaambia, wapo wanaosema walipozama waliona mwanga. Mimi sikuona mwanga. Niliona kijani, kisha giza. Nilipoibuka nilishika dumu la njano lililokuwa linaelea, na rafiki yangu alikuwa ameshika upande wa pili wa dumu hilohilo. Yeye alikuwa anaomba. Aliomba kwa sauti, maneno mazuri, yale tunayoomba hapa kila Jumapili. Mimi sikuomba. Nilikuwa naita "mama, mama" kama mtoto aliyepotea sokoni. Likaja wimbi, likatufunika wote wawili. Lilipopita, nilikuwa na dumu peke yangu.

Wavuvi ndio walionitoa. Yeye walimpata siku iliyofuata.

Tulimzika hapa. Kisha ikafanyika ibada ya shukrani kwa sisi tuliopona, nikaitwa mbele, palepale niliposimama sasa. Watu walilia kwa furaha. Mzee mmoja akanishika kichwa, akasema Mungu ameniokoa kwa sababu ana kusudi nami. Kanisa zima likapiga makofi. Sikumchukia yule mzee, wala leo simchukii, alisema kwa upendo. Ila nilipoinua macho nilimwona mama wa rafiki yangu kwenye benchi lile la pembeni, amejifunga kitenge cheusi. Naye alikuwa anapiga makofi. Taratibu, huku anaangalia sakafu.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nilijiuliza, kama mimi nilichaguliwa, basi yule aliyekuwa analiita jina Lake, mdomo wazi, aliachwa? Mbele ya mama yake tunashangilia nini?

Nilirudi nyumbani, na kuanzia hapo nikaingia kwenye woga ambao sikuwahi kuujua. Woga wa maji nilikuwa nao, hilo mtalielewa. Nilikuwa siwezi kuinamia beseni nikanawa uso. Lakini ule mwingine ulikuwa mkubwa zaidi. Nikifumba macho nisali, nilikuwa nasikia ukimya, ukimya ambao haukuwa na mtu. Niliogopa kwamba hayupo. Nikikaa kidogo, niliogopa zaidi kwamba yupo, na kwamba aliona. Nikishona, mguu ulikuwa unasita kwenye cherehani, nakaa tu. Nyimbo zikawa zinanitoka mdomoni kama za mtu mwingine. Nilikuja kanisani kila Jumapili nikasimama mstari wa kwaya, nikifungua mdomo bila sauti. Niliogopa mtu aliyesimama karibu yangu atagundua. Nani angenishonea sanda mimi, mke wa mzee wa kanisa, nikifa nimesema siamini?

Mwisho nikamwambia mume wangu. Tulikuwa tunakula ugali na dagaa, mchana. Nilisema tu, mume wangu, mimi siamini tena kama Mungu yupo. Akaacha kula. Hakunifokea. Aliogopa, na nilipoona na yeye anaogopa, nikajua nimekwisha. Kwa nia njema akawaeleza watu wa maombi. Wao wakasema si mimi ninayesema, ni pepo la ziwani lililoniingia siku ile, na kwamba litolewe kwenye maji yaleyale lilikotoka.

Wakanipeleka ufukweni Ujiji. Nilikwenda kwa miguu yangu, sikulazimishwa, maana na mimi nilitamani kuwe na pepo. Pepo hutolewa. Lakini kama ni mimi mwenyewe, nitatolewa wapi?

Waliniingiza majini mpaka magotini. Watu wa Ujiji waliokuwa wanaanika dagaa wakasimama kutazama. Maombi yakapanda, sauti nyingi kwa pamoja, na mama mmoja akaniwekea mkono kisogoni ili nizamishwe kichwa. Nilipoona maji yanakuja usoni, sikujua tena niko wapi. Nikawa ziwani, dumu limenitoka. Nilimng'ata yule mama mkono mpaka akapiga yowe. Yupo hapa leo, alama anayo, na amenikubalia niseme. Nao wakazidi kuomba, kwa sababu sasa waliamini pepo limejitokeza.

Ndipo nikasikia maji yanachapwa nyuma yangu. Mama wa rafiki yangu alikuwa amekuja na akina mama wengine, akasimama nyuma muda wote. Sasa aliingia majini na viatu vyake, akawasukuma watu, akanifunika na kitenge chake kichwani.

"Mwacheni," akasema. "Mwanangu alikufa akiomba, wala hakuwa na pepo. Huyu anaogopa tu. Hamuoni kwamba anaogopa?"

Akanitoa majini, tukapita katikati ya vichanja vya dagaa, maji yanatuchuruzika, tukaenda kwake.

Kwake alinipa nguo kavu, akaniwekea kisu na sinia la mihogo, akaanza kumenya na yeye. Nami nikamenya. Baadaye nikamwambia, mama, nisamehe, ni kweli siamini. Nilidhani atanifukuza, maana kama Mungu hayupo, mwanawe yuko wapi? Hilo ndilo lililokuwa linanitisha kuliko yote, kumnyang'anya yule mama mahali mwanawe alipo.

Akaendelea kumenya. Kisha akaniambia kwa Kiha, taratibu, "Zipo siku na mimi siamini. Siku hizo napika, nafagia, nasubiri jioni ifike. Mwanangu hajanipotea zaidi kwa sababu hiyo."

Nikalia. Tangu ziwani nilikuwa sijalia, ndugu zangu. Nililia mpaka mihogo ikaiva.

Nikawa nakwenda kwake kila nikimaliza kazi. Wakaanza kuja wengine pia waliofiwa ziwani. Alikuja baba mmoja wa Ujiji, Mwislamu, aliyepoteza kaka zake, naye anasali sala zake zote bila kuacha. Alikuja pia kijana kutoka Kidahwe ambaye anasema wazi kwamba hajaamini tangu utotoni, na haogopi. Mimi nilimshangaa kwa kutokuogopa kwake. Nilimuuliza inakuwaje, akasema kwao hakuna aliyemtisha, aliuliza maswali, akaachwa aulize. Hakuna aliyejaribu kumgeuza mwenzake pale. Tulikunywa chai.

Kisha ikaja habari kwamba baba anaumwa, ananiita. Mwamgongo hakuna barabara, mnajua, ni ziwa. Jioni nikaipeleka ile habari kwenye chai yetu. Mama wa rafiki yangu akasema atakwenda nami, yeye ambaye ziwa lile lilimlia mtoto.

Pale Kibirizi kabla ya kuondoka, abiria wakaanza kuomba kama ilivyo desturi. Nikamwambia mama siwezi kuomba, na kwa ajili ya baba siwezi kushuka botini.

"Usiombe," akasema. "Nitaomba mimi kwa ajili yetu wote wawili. Wewe kaa."

Akaanza. Tulipofika usawa wa Gombe, boti ikapanda wimbi la kwanza, kubwa, nikamsikia amenyamaza. Nikageuka kumtazama. Midomo ilikuwa inacheza, haina neno. Uso umemkauka. Nikaelewa kwamba yule mama alikuwa anaogopa kama mimi, na kwamba aliyajua hayo tangu nyumbani, na bado alikuja. Akanisogelea sikioni akasema maneno yamempotea. Nikamwambia, hata yangu, mama. Basi tukashikana, tukaogopa pamoja, mpaka boti ikagusa mchanga wa Mwamgongo. Baba nilimkuta hai. Alipona, na mpaka leo analima.

Ndugu zangu, najua mlitarajia niseme sasa nimerudi kwenye imani. Zipo asubuhi naamka naamini. Zipo ambazo siamini, nami nashona, napika, kama nilivyofundishwa. Lakini sifungui tena mdomo bila sauti, na uso nanawa.

Namshukuru mume wangu, aliyeogopa lakini hakuniacha. Namshukuru mama niliyemng'ata, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuniomba msamaha, na mkono wake umefungwa kitambaa. Namshukuru Mchungaji kwa kunikubalia. Na wewe mama, pale pembeni, wewe sijui nikushukuru vipi.

Ninachowaomba ni hiki. Akija mtu akawaambia haamini, msikimbilie kumjibu, wala kumtafutia pepo. Wengine wamefikiri tu wakafika huko, na wana amani yao. Wengine wameumizwa. Wengine wanaogopa kama nilivyoogopa mimi. Kaeni naye kwanza mjue. Na mkishukuru kwa aliyepona, angalieni nani amekaa kwenye benchi.

Bado naogopa ziwa. Jumamosi hii nasafiri tena kwenda kumwona baba. Anayetaka kuniombea, aniombee, sitamkataza. Na asiyeweza kuomba, aje Kibirizi asubuhi anisindikize.